Simu Uliyotuma Imefunguka

Kisangani, Kabondo
Tarehe 14 Julai 2013

Mpendwa Yaya Katungu,

Pokea salamu za mutu mwenye akili kupita wote waliozaliwa kati ya Bangboka na Bengamisa: mimi, mudogo wako Nzanzu. Usicheke. Maprofesa wangenikuta njiani wangevua kofia, ni vile tu hawajapata habari. Uko muzima? Baridi ya Liège imekuachia pua? Sisi tuko salama. Mama analia mgongo kidogo, na mjomba wetu, Tonton Michel, anakoroma kama jenereta.

Simu tuliipokea. Berthe, uliyemupa aibebe toka huko kwenu, aliitoa katikati ya furushi lake la nguo, na palepale nikaanza kumshuku, maana kioo kilikuwa na mkwaruzo. Nilimuuliza kama ni wewe uliyetuma simu iliyochoka hivi, ao ile nzuri alibakia nayo. Alinitazama toka miguu mpaka kichwa, akacheka. Mutu anayecheka mbele ya kujibu, mimi ninamwangalia mara mbili.

Tulijaribu kutia kadi ya simu ya jirani Kadidja. Simu ikasema kwa Kifaransa kwamba inakubali kadi za kampuni ya kwenu tu. Donc, yaya, ulitutumia simu yenye kufungwa. Uliinunua kwa nani? Sisemi kitu, ninauliza tu.

Haraka yetu unaijua: ni kaka yetu Timothée. Tangu vita iingie Rutshuru, kule Kivu anakokaa, hana simu, anaazima za watu, na namba moja tu iko katika kichwa chake, ya Mama. Siku ya Pasaka alisema ataanza kutembea, na akifika mahali pazuri ataita. Wiki mbili kisha, simu ya Mama ikazama katika sufuria ya mboga ya pondu. Kadi iliokoka, simu ikakufa.

Kwanza nilitafuta mwenyewe code, zile namba za siri za kuifungua. Nilitia siku yangu ya kuzaliwa, namba ya nyumba, hata namba ya zaburi. Simu ikaandika kwamba zimebaki mara mbili, kisha itafungwa kabisa. Hapo akili yangu ikaniambia nipumzike.

Nilienda kwa Wenceslas, mutoto wa wavuvi wa kule maporomokoni, mwenye meza ya simu chini ya parasoli karibu na soko. Akataka namba kumi na tano za ndani ya simu. Eti kila simu iko na namba yake ya kuzaliwa, na yeye anaituma kwa mutu anayejua kutafuta code. Nilimwambia kwamba siku hizi mutu anayeuliza namba za watu wa Kivu kama sisi, nasi tunauliza anatumwa na nani. Akaendelea kukaza visi vya simu na bisibisi yake.

“Petit,” alisema, “baba yangu anatega samaki. Mimi sitegi wateja.”

Kisha akataka nimuletee kadi ya Mama, kwa sababu iko kubwa na simu yako inataka ndogo; anakata na kamashine kake. Hapo nilikataa. Simu peke yake nilimwachia, tena kwa kuikalia. Siku tatu nilishinda kwenye benchi yake. Akienda kukojoa, ninamfuata mpaka kwa ukuta.

Siku ya ine code ikafika, namba munane. Aliziandika polepole, simu ikafunguka, akatia kadi yake mwenyewe, akaita simu yake ya pili, ikalia. Avenue nzima nimeshawaambia ni mimi niliyeifungua.

Sasa Mama anashona, na simu iko juu ya cherehani. Tonton Michel anakusalimia, na Kadidja, na mutoto wake Exaucée ambaye anauliza kama Ulaya kuna mihogo. Mungu akufunike kwa baridi hiyo na akurudishe kwetu ungali unacheka.

Bon, yaya. Barua hii Berthe anayerudi huko anakuletea kwa mukono, kwa sababu haifai Mama asikie. Mara mbili uliniandikia kwamba unaita Mama na haipite. Nilikujibu ni réseau, mtandao mubaya. Si réseau. Ile kadi niliikata mimi, nyuma ya jikoni, na mukasi wa Mama wa vitambaa, ili Wenceslas asiiguse. Nilipita mpaka ndani ya ile dhahabu ya kadi, nayo ikakufa. Nilienda kwa ofisi ya kampuni. Kadi iliandikishwa kwa jina la Timothée, wanataka aje yeye mwenyewe na carte d'électeur yake, ile ya kupigia kura. Nikanunua kadi mupya, nikaitia. Mama anaona réseau imejaa, anazani ni namba yake. Kila asubuhi anapangusa kioo, anangojea Timothée aite.

Jana aliniambia, “Ni yule Wenceslas, kuna kitu aliharibu.”

Nilimujibu, “Inawezekana, Mama.”

Wako, mudogo anayekupenda,
Nzanzu