Kaburi la Baba na Barabara Mpya

Al Quoz, Dubai
Jumapili

Mama,

Nakusalimu. Natumaini goti limepungua uvimbe tangu uache kuchota maji mwenyewe. Mimi ni mzima. Joto linapungua, na lindo langu pale ghalani sasa ni la mchana.

Najua unangoja neno langu kama kifungua mimba: kaburi la Baba lihamishwe kupisha barabara, au tukatae kama anavyotaka Baba Mdogo? Daftari langu lina wiki tatu za maneno yale yale: "Mama ameuliza. Sijajibu."

Jana kampuni ilitupeleka walinzi ishirini kutembezwa jangwani, kwenye makaburi ya kale ya Mleiha. Nilitazamia kitu kikubwa. Ni ukuta wa mawe wa mviringo, unanifika kifuani, na mchanga pande zote. Kiongozi wetu, Msudani mwenye mwavuli, alisema kaburi moja lilikuwa la ukoo mzima. Akifa mtu, mlango ulifunguliwa, mifupa ya waliotangulia ikasogezwa kando, naye akapata nafasi.

"Kumbe hata wafu wa hapa walibanana chumba kimoja kama sisi!" alisema Okello, Mganda anayelala kitanda cha juu yangu, akamgeukia kiongozi. "Mzee, waulize kama wana kitanda cha chini. Nimechoka kupanda."

Kicheko kilipoisha niliuliza, "Hiyo mifupa ilisogezwa na nani?"

Kiongozi alinitazama. "Na watoto wao. Ungependa nani mwingine amshike baba yako? Yalla, basini, jua linapanda."

Jana sikuandika kitu. Leo asubuhi nimeandika: "Ahamishwe."

Baba alipozikwa nilikuwa na miezi minne tu hapa, sikupata ruhusa. Safari hii nimeomba, na sir, msimamizi wetu, amenipa siku kumi na nne mwezi ujao. Wenye barabara waambiwe wangoje. Kibarua wao yeyote asitie jembe pale. Tutachimba mimi na mdogo wangu Barasa.

Msalimie Baba Mdogo. Mwambie sijamdharau, na mahali papya atatuonyesha yeye. Msalimie shangazi anayekukamulia ng'ombe, na mwalimu wa kwaya aliyeimbisha siku ile ya mazishi.

Jambo moja limebaki. Barasa aniandikie kichwa cha Baba kilielekezwa upande gani. Nyote mlikuwepo, mimi tu ndiye nisiyejua.

Mwanao,
Wafula