Rema wa Mama

Likoni, 9 Machi 1961

Kwa dada yangu Dhahabu, huko Tanga,

Shikamoo dada. Sisi hatujambo. Mihogo imestawi, na paa tumeliezeka upya.

Mwanangu Mwanatatu, niliyempa jina la marehemu mama, sasa anasema. Ila mimi haniiti mama, ananiita Rema. Wewe wajua ni mama peke yake aliyenikatia jina la Mwanarehema likawa Rema, kama wewe alivyokuita Dhabu. Tangu azikwe hakuna aliyeniita hivyo. Hata mume wangu halijui. Mara ya kwanza niliitika "Abee" kabla sijageuka.

Sasa nikuungamie. Siku zake tatu za mwisho mama alikuwa akikuita, "Dhabu, Dhabu." Nikamwambia nimekupelekea habari, uko njiani. Sikukupelekea. Nilikukasirikia kwa kuniachia uuguzi peke yangu.

Jana alasiri nilikuwa nakuna nazi, mtoto akaja akanishika bega. Akaniuliza, wallahi, kwa utulivu wa mtu mzima: "Rema, Dhabu hajafika?"

Nikamwambia uko njiani. Dada, safari hii usinifanye mwongo.

Mdogo wako,
Mwanarehema