Sauti ya Upande wa Pili

Jumatatu, 6 Julai 1953

Mashati ya makarani tangu alfajiri. Kola zinataka wanga mzito, mikono wanga mwepesi, na kila karani anadhani shati lake ndilo la kwanza. Mkaa wa leo una unyevu, moshi mtupu. Nimeunguza mfuko mmoja. Nitanyamaza, labda mwenyewe hataona.

Koo bado halijapona. Nimeimba kidogo huku napiga pasi, sauti ikakatika katikati ya neno. Tangawizi nimekunywa, asali nimekunywa. Bure.

Salum ana siku tisa kaburini. Miaka ishirini na sita tumepiga pamoja, yeye fidla, mimi gitaa. Mimi naimba swali, yeye anaimba jibu. Temeke nzima inalijua jibu. Swali hakuna anayelikumbuka. Msibani nililia kweli, sikuigiza. Lakini wivu wangu haukuzikwa naye, na hapa naweza kusema.

Fundi wa santuri anakuja kutoka Nairobi tarehe kumi na nane. Nyimbo mbili, sahani moja. Tumelingoja hili tangu ujana. Nataka sauti yangu ikae mahali kabla sijafa. Sina mtoto, sina shamba. Ninayo hiyo tu.

Alhamisi, 9 Julai

Hospitali. Benchi tangu saa moja mpaka saa sita. Daktari kaniingiza kioo mdomoni, kanibonyeza shingo. Uvimbe. Lazima ukatwe, na sauti itakwenda nao. Kataka nilazwe wiki hii. Nimesema mwisho wa mwezi wa nane, nikishaisikia sahani.

"Mzee Kasiani, unataka kufa kwa ajili ya wimbo?"

Nadhani ndiyo.

Sijamwambia mtu.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya misa, mazoezi kwa Athumani, mpiga ngoma wetu. Tumegombana.

Bendi yetu ina desturi. Akifa mmoja wetu, kiti chake kinawekwa palepale pake mpaka arobaini, ala yake juu ya kiti. Na sehemu yake ndani ya wimbo haichukuliwi na mtu. Tunaiacha wazi. Tunahesabu kimoyomoyo, tunaendelea. Tulianza alipofariki mpiga tarumbeta wetu wa kwanza, hatujaivunja hata siku moja.

Wimbo wa pili ni ule wa safari. Mimi nauliza: "Umeondoka lini, mbona sikukuona?" Salum anajibu: "Nilipita ukilala." Beti sita, majibu sita. Nimesema jibu nitaimba mwenyewe, sahani ni dakika tatu, hatuwezi kuuza ukimya.

Athumani kakataa kabisa. "Kasiani, siku arobaini tu hizo, hazijaisha hata nusu. Ukiiziba nafasi ya marehemu, yeye atakaa wapi?"

Wote wakawa upande wake. Nimekasirika, nikachukua gitaa langu nikaondoka. Njiani nikirudi nyumbani nimejaribu kuliimba jibu peke yangu. Halikutoka. Swali linatoka, jibu koo linalifungia.

Jumamosi, 18 Julai

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Ukumbi wa Kinondoni. Fundi alitaka kuta zifunikwe ili sauti isirudi, kwa hiyo nilikuja na mablanketi ya wateja wangu, yamefuliwa, bado yananukia sabuni. Mtambo unakula betri ya lori. Madirisha yamefungwa, joto la kuua. Kiti cha Salum tumekiweka kushoto kwangu, fidla juu yake.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Sauti yangu ilikwaruza lakini ilifika.

Wimbo wa pili, kila tulipofika kwenye jibu tukanyamaza, na kila mara fundi akatupungia mikono tuimbe. Hatukuimba. Kisha akaacha kupunga. Alikuwa na visikizio masikioni, akawa ananiangalia mimi tu.

Tulipomaliza akarudisha utepe, akatusikilizisha. Swali langu, bovu, la mgonjwa. Halafu palepale tulipoacha wazi: "Nilipita ukilala." Sauti ya mwanamume. Mbali, lakini safi. Mara sita.

Athumani kaweka fimbo chini. "Salum," akasema. Hakuna aliyembishia.

Fundi akauliza nani kaitikia. Tumeapa, Waislamu kwa namna yao na mimi kwa yangu. Akadhani kuna mtu dirishani, akazunguka nje kuangalia. Uwanja mtupu. Tukarudia. Safari hii nilikunja leso nikawa naiuma kila baada ya swali, niwe na hakika na mdomo wangu. Sauti ikaja tena. Karibu zaidi.

Fundi kafurahi. Kasema hii ndiyo inakwenda kiwandani.

Mablanketi nimeyakunja mwenyewe. Lile lililokuwa nyuma ya kiti lilikuwa na unyevu, kama limepumuliwa. Nimelifua upya.

Jumapili, 19 Julai

Sikwenda misa. Nina hasira na marehemu, dhambi hiyo siwezi kuipeleka kanisani.

Umekufa, Salum. Umeoshwa, umesaliwa, mimi mwenyewe nimebeba jeneza. Na bado unajibu wewe.

Habari zimeshafika kila kibaraza. Watu wanakuja kutupa pole mara ya pili, wengine wanataka kukiona kiti. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi niliimbaje.

Alhamisi, 6 Agosti

Arobaini imesomwa jana. Leo tumeondoa kiti. Fidla imerudishwa kwa mjane wake, Bi Mwajuma. Hatukumwona, yumo edani, shangazi yake kaipokea mlangoni.

Asubuhi nimetema damu kidogo kwenye beseni la wanga. Nimelimwaga lote.

Jumanne, 25 Agosti

Sahani imefika. Nzito, nyeusi, inang'aa. Tumeisikiliza kwa Athumani kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, sisi wote wanne tuliobaki, tumeinamia kile chombo kama watoto wanaochungulia chungu.

Upande wa kwanza: mzee anayekohoa maneno. Huyo ni mimi. Ndivyo nitakavyokumbukwa.

Upande wa pili: mzee yuleyule anauliza, na lile jibu. Sasa halipo mbali tena. Limesimama mbele ya ngoma, mbele ya gitaa. Zuri mno. Athumani kalia waziwazi. "Ni yeye kabisa, jamani, ni yeye."

Nimetamani kuivunja. Nilishaishika kwa mikono miwili. Athumani kaninyang'anya, kasema kesho iende kwa mjane, ndiye mwenye haki ya kumsikia mumewe. Na mimi niipeleke, kwa kuwa Salum alikuwa rafiki yangu.

Jumatano, 26 Agosti

Kwa Bi Mwajuma, mchana. Yeye nyuma ya pazia na shangazi, mimi huku na gramafoni. Bado ana zaidi ya miezi miwili ya eda. Nimemwambia, shemeji, ukiona moyo hauwezi niambie nizime.

Nimeweka upande wa pili.

Nilingoja kilio. Hakikuja. Ilipoisha akasema, "Rudia." Nikazungusha mkono wa gramafoni, nikarudia. "Tena." Mara tatu. Jasho linanitoka.

Kisha akasema, taratibu tu, kama anayemwambia mtu kwamba kanzu yake imechanika mgongoni:

"Shemeji, huyu siye Salum."

Nikamwambia wote wamemtambua.

"Wamtambue wao. Mie nimelala naye miaka ishirini na miwili. Salum akitaka kuimba alikuwa akivuta pumzi kwa pua. Huyo anavuta kwa mdomo, halafu anaimeza kidogo. Huyo ni wewe. Wewe wa siku ya harusi yangu, ulipoimba peke yako kwa kuwa bwana harusi hakuruhusiwa kupiga fidla. Watu walinyamaza ukumbi mzima. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili.

Sahani nimeiacha kwake. Sikuweza kuibeba.

Alhamisi, 27 Agosti

Kweli. Nimerudi leo kuisikiliza tena, sikio nimeliweka ndani ya tarumbeta ya gramafoni. Pumzi ya mdomo, inamezwa kidogo, kisha neno. Ndivyo ninavyofanya mimi. Nilikuwa nikikaripiwa kwa hilo kwaya ya misheni, nikiwa mtoto.

Mwezi mzima nimemchukia maiti kwa wivu, kumbe niliyemwonea wivu ni mimi mwenyewe. Nisamehe, Salum.

Nyumbani nimefunga mlango, nikajaribu swali, lile swali ambalo halijawahi kunishinda. Hewa tupu. Hata mkwaruzo haupo. Naogopa. Nilikuwa nikidhani kisu ndicho kitakachoiondoa.

Nimemwambia Athumani habari ya uvimbe. Kaniuliza kama naweza angalau kunong'ona. Naweza.

Jumatatu, 31 Agosti

Nalazwa leo. Nimepeleka mashati yote kwa wenyewe, hata yasiyokauka vizuri. Athumani kanibebea mkoba na kunisemea kwa karani. Nimetaka kumwambia daktari kwamba sauti anayokwenda kuikata hataikuta. Atanipeleka kwa wendawazimu. Nimetia sahihi.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimerudi kazini juma hili. Kitambaa shingoni, kitundu cha kupumulia chini yake. Daktari ameridhika. Nimekula uji, ndizi mbivu, na leo wali kidogo. Wateja wamezoea upesi, wananiangalia mikono. Wengine wananipigia kelele, wanadhani aliyekatwa koo hasikii pia.

Leo mkaa mzuri. Nimepiga pasi mashati ya shule, ya mikono mifupi, kazi rahisi.

Karibu na adhuhuri Mama Stela wa chumba cha jirani kasimama mlangoni na mwanawe mgongoni. Kaniamkia, shikamoo mzee, nikainua mkono. Kasema samahani anisumbue. Tangu Jumapili ninaimba vizuri sana, hata yeye anaacha kufua anasikiliza, lakini mtoto ana homa, ndiyo kwanza amepata usingizi. Kama naweza, niimbe kwa sauti ya chini kidogo.

Nimeligusa koo, nikamwonyesha kitambaa. Akaniangalia kama asiyeelewa. Mwenyewe anajua nimekatwa, ndiye aliyeniletea uji. Nikamwuliza kwa mkono: wapi? Akaelekeza kidole humu ndani, kwenye kona ninapotundika mashati yaliyonyooshwa.

Nimezima pasi. Nimekaa kwenye ile kona mpaka muadhini wa alasiri, nimevuta mashati yote pembeni, nimezuia pumzi. Mama Stela anaisikia sauti yangu. Mtoto wake anaisikia. Mimi sijaisikia hata mara moja.