Cherehani Iliyobaki kwenye Basi

Nyangoto,
kupitia Tarime,
Tanganyika.
14 Januari 1956

Mpendwa Kaka Waitara,

Shikamoo. Hamjambo hapo Kisumu? Mguu wa Shemeji Kezia umepona? Sisi huku ni wazima, ila mimi usingizi umenikimbia tangu nirudi kutoka likizo kwenu.

Kwanza viatu. Uliniambia nivijaribu jioni, miguu ikiwa imechoka, nikaona unanichelewesha. Sasa vinanibana, navivaa mpaka mlangoni mwa kanisa tu. Lile shati jekundu nalo limechuja, fulana zangu zote zimekuwa za waridi. Nitamrudishia nani, na duka liko ng'ambo ya mpaka? Halafu shati kama lile nimelikuta Tarime sokoni! Mtu akiwa ugenini hununua kama ana wazimu.

Lakini hayo ni madogo. Cherehani ya Bhoke imepotea, kaka. Mke wangu aliuza mtama wake wote kwa ajili ya ile mashine. Nilikuja nayo miguuni mwangu mpaka Migori, na hapo nikamwona mama mkwe akipanda basi letu! Kiti kilichobaki kilikuwa ubavuni pangu. Nikae bega kwa bega na mama wa mke wangu? Unatujua Wakurya, mkwe hakaribiwi. Nikaruka nje kupitia dirishani, mimi mwalimu mzima, nikidhani nitapanda juu kwenye mizigo. Basi likaondoka na cherehani ndani.

Nilipofika Tarime kesho yake niliambiwa hakuna mzigo ulioachwa. Bhoke hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniumiza. Alituma mtu kwao, akajibiwa kwamba mama alipitiliza Musoma kwa mwanawe, hajarudi. Kila basi likipita nakimbilia barabarani. Narudi, nakaa, nainuka tena. Tafadhali nenda kituoni hapo umuulize dereva, yule mwembamba mwenye jino la dhahabu.

Ngoja kidogo, watoto wanapiga kelele nje.

Naendelea, ila sasa naandikia nyuma ya ghala. Usiende kituoni! Mama mkwe amekuja. Kumbe aliniona nikiruka, akajua mzigo ni wetu. Utingo alipotaka kuushusha Sirari kwa kukosa mwenyewe, aliukalia akamwambia, "Huu ni wa binti yangu. Ukiushusha, nishushe na mimi." Akaenda nao Musoma, akarudi nao.

Nilimwona akipanda kilima chetu, cherehani kichwani, shingo ikitetemeka. Miguu ilitaka kumkimbilia nikamtue. Nikakimbilia huku, kama adabu inavyotaka. Sasa nasikia gurudumu linazunguka, yeye na Bhoke wanacheka, na mimi bado sijatulia.

Msalimie Benedicto na Baba Mdogo Wangwe. Mungu awafunike nyote.

Bhoke atamshukuru, najua, lakini hainitoshi. Shemeji Kezia akija Pasaka, ampe mama mkono kwa ajili yangu, na asiuachie upesi.

Mdogo wako akupendaye,
Machage