Fahali wa Nadhiri

Gisenyi, Majengo, 9 Machi 1997

Mwanangu Shyaka,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, na huo unaujua. Ninasema mimi, anaandika dada yako Umuhire. Palipokosewa ni yeye.

Emmy dereva ametuletea salamu zako. Miezi minne sikujua kama nikusomee hitima au niendelee kukungoja. Nililia mpaka Nyirabagenzi, jirani yetu, akaja kunishika. Kisha naye akamgeukia Emmy: "Na Sebagabo? Walienda Goma wote wawili kununua vitenge. Bwana yangu iko wapi?" Emmy hakujua. Utuambie wewe.

Sasa sikiliza. Vita vilipowakuta kule ukapotea, niliweka nadhiri. Mungu akikurudisha, ukasimama mlangoni pangu, nitachinja fahali nilishe masikini arobaini, na sisi wa nyumbani tusionje hata mchuzi. Ndama nimeshampata sokoni Mahoko, nimeuza cherehani. Umuhire anamkatia majani. Njoo.

Mama yako

Kigoma, 2 Juni 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, kama wanavyosema huku. Mimi mzima, nimepata kazi ya kubeba magunia bandarini. Mgongo wako upake mafuta ya moto.

Habari za Sebagabo sina. Tulipotezana kwenye umati, barabara ya Minova. Mwambie mkewe pole.

Kurudi sasa ni vigumu, njia ni mbaya. Lakini wewe chinja tu, mama. Niko hai, hiyo inatosha. Mungu anaijua nia yako.

Mwanao

Gisenyi, 20 Desemba 1997

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Unaendeleaje na hayo magunia? Sisi tunapumua.

Nimemuuliza sheikh. Anasema nadhiri yangu ilikuwa wewe ufike mlangoni, na hujafika, kwa hiyo bado hainipasi. Akaongeza kwamba hakuna kinachonizuia kumchinja leo kama sadaka tu, halafu ukija nitafute mwingine. Mwingine nitamtoa wapi? Nikakataa.

Watu wa Busasamana wamekimbia risasi, wanalala kwenye baraza zetu. Watoto wanatafuna maganda ya ndizi. Fahali amenenepa na wote wanamtazama. Mzee mmoja aliniambia, "Mama, we unachunga nyama, na sisi tunachunga njaa." Nilimjibu kwamba mtoto wangu yuko njiani. Nilisema kwa ukali, kwa sababu sikuwa na uhakika.

Nyirabagenzi ameuza hata mlango wa jikoni. Mtoto wake wa mwisho amevimba miguu. Barua yako ikifika anakuja kukaa kizingitini wakati Umuhire ananisomea, anangoja jina la Sebagabo. Nimemuahidi kwamba siku ya kumchinja fahali atakaa mkeka wa mbele, yeye kabla ya wote.

Mama yako

Kigoma, 1 Machi 1998

Mama,

Shikamoo. Ni mzima. Nitakuja Idi ya kuchinja. Waambie watu wako.

Mwanao

Gisenyi, 15 Aprili 1998

Shyaka,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima, maana ungekuwa mgonjwa ungetuarifu.

Nilialika arobaini, nao wakaja asubuhi na sahani zao. Fahali nilimfunga uani, kisu kimenolewa. Walikaa mpaka alasiri. Kila gari lililosimama barabarani walisimama nalo. Kisha nikawaambia waende, wakaenda na sahani zao, hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Jumapili tumemzika mtoto wa Nyirabagenzi. Nilitoa shuka langu la kumzikia. Nina fahali mzima uani na nimetoa shuka.

Niambie ukweli, unaogopa nini? Njia si mbaya kiasi hicho, Emmy anapita kila mwezi.

Mama yako

Kigoma, 10 Juni 1998

Mama,

Shikamoo. Afya ninayo, usingizi sina.

Hatukupotezana na Sebagabo. Alishikwa na kuhara kabla ya Minova, akashindwa kutembea. Nilimbeba kidogo, kisha nikamlaza chini ya mti. Viatu vyangu vilikuwa vimekwisha. Nikamvua vyake. Alikuwa bado anaomba maji, mama, na aliniona ninavyovivaa. Ndivyo vilivyonifikisha huku.

Idi ile nilipanda gari. Nilifika mpaka mpakani. Nikafikiria mkeka wa mbele na nani amekaa pale, nikashuka. Chinja bila mimi, nakuomba.

Mwanao

Umuhire, barua hii msomee mama chumbani, mkiwa wawili tu.

Gisenyi, 26 Julai 1998

Shyaka,

Asalaam aleikum, maana salamu simnyimi mtu. Hali zetu usiulize.

Barua yako ilisomwa kizingitini kama zote. Nyirabagenzi alikuwa pale pale pake. Yale maneno ya chumbani uliyaandika chini kabisa, Umuhire aliyafikia viatu vikiwa vimeshatajwa. Nyirabagenzi hakulia. Aliuliza, "Vile vya rangi ya kahawa? Mi ndiye nilimununulia." Kisha akainuka akaenda kwake.

Kesho yake nilichinja. Haikuwa nadhiri, ilikuwa sadaka tu, ile niliyoikataa Desemba kwa sababu nilitaka fahali awe kamba ya kukuvuta wewe. Walikula watu zaidi ya sitini. Sahani ya Nyirabagenzi nilimpelekea mwenyewe. Alinitazama, akafunga mlango polepole, kwa adabu, nikabaki nimeshika sahani. Mtoto wake angekula nyama ile tangu Desemba. Hilo si lako, ni langu, na nitaulizwa.

Sheikh anasema nadhiri ingali pale pale. Siku utakayosimama mlangoni pangu nitatafuta fahali mwingine, hata kwa kung'oa mabati, kwa kuwa nilimuahidi Mungu. Usipofika, sidaiwi kitu.

Mwaka mzima na zaidi niliamka alfajiri kuomba urudi. Bado naamka alfajiri. Siku hizi naomba nisidaiwe.

Mama yako