Dakika Kumi za Kumwona Dada Kagoya

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimeingia Mbale saa saba mchana, na naweza kusema mji umepumua. Jinja nimewaacha yatima. Bwana Balwant mwenye kiwanda cha mbao alinishika bega pale getini: Siraj, usikae sana, bila wewe hapa hapaendi. Karibu alie! Watu wa Nalufenya wamenisindikiza mpaka barabarani, kama hamsini. Au ishirini.

Dada Kagoya yuko ICU. Sukari ilipanda, sumu ikaingia kwenye damu, sasa figo zimegoma. Jumamosi moyo wake ulisimama. Ulisimama! Wakambonyeza kifua dakika kumi na moja, ukarudi. Tangu hapo mashine inampumulia na macho hajafumbua.

Wanaruhusu mtu mmoja tu wa familia, yule yule kila siku, saa kumi jioni, dakika kumi. Jina linaandikwa kitabuni. Aliyestahili ni Naigaga, binti yake — mwalimu, mtulivu, anakaa hapo Nkoma. Lakini Wahab, mdogo wake Naigaga, mwendesha boda, akakataa. Aandikwe mjomba! Mjomba ndiye aliyemfufua yule mtu wa mtoni!

Kweli. Mwaka ule pale Jinja nilimvuta mtu kutoka Nile, amekufa kabisa, baridi kama samaki. Nikambonyeza mara tatu tu. Akatapika maji ndoo nzima, akaniomba sigara. Watoto hawa wamekua na hadithi hiyo.

Basi nimeandikwa mimi. Kwa wino.

Jumanne, 8 Julai

Leo nimeingia. Kwanza kuna kachumba kati ya milango miwili. Hapo pana sinki, sabuni ya maji ya rangi ya waridi, na karatasi ukutani yenye picha za kunawa: kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, dole gumba. Unavaa gauni la njano, unafungia mgongoni. Mlango wa pili una kioo kidogo. Ndani mashine zinalia — tii, tii, tii — kila moja na wimbo wake, hazipatani.

Nikaingia. Nikamsalimia. Yuko vizuri. Basi.

Nilipotoka, daktari akatuita wote watatu. Daktari Adero, binti mrefu, Kiswahili chake cha Tororo. Alivuta kiti akakaa karibu nasi, hakukaa nyuma ya meza. Hapo nikajua ni habari mbaya.

Akasema: moyo wa mama unaweza kusimama tena. Mara ya kwanza tulimbonyeza, mbavu mbili zimevunjika. Tukimbonyeza tena pengine utarudi, lakini yeye mwenyewe sidhani kama atarudi. Mnaweza kusema moyo usiposimama tuendelee na dawa zote, na ukisimama tumwache aende kwa utulivu. Ni juu yetu pamoja, si ninyi peke yenu.

Naigaga akauliza, tuamue lini?

Sasa, wakati tumekaa hivi, alisema. Si wakati watu wanakimbia.

  Halafu wote wawili wakanigeukia. Mjomba, wewe umemwona. Yukoje?

Nikasema, amenibana mkono.

Banange! Wahab aliruka akanikumbatia. Daktari akaniangalia kidogo, akaandika. Akasema, vizuri, basi tusubiri, tutaangalia, tuongee tena Alhamisi.

Jumatano, 9 Julai

Amenibana tena. Mara mbili.

Wahab ametangazia stendi yote ya boda pale Namakwekwe. Nimepita kununua sabuni, watu wananipa mkono kama mbunge. Huyo ndiye mjomba! Mmoja akaniuliza kama naweza kumwona na bibi yake. Nikamwambia nitaangalia nafasi.

Kabla sijaingia Naigaga alinituma: mwambie mama nimeupata ufunguo wa kabati, ulikuwa ndani ya kopo la sukari, asiwe na wasiwasi. Nilipotoka akauliza, umemwambia? Nikasema nimemwambia. Akafanyaje? Nikasema, alikunjua uso kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

Naigaga akalia. Akauliza, kichwa kimefunikwa? Unajua mama na kichwa chake. Nikasema kimefunikwa vizuri, ile shali yake ya kijani.

Akafungua mfuko wake wa plastiki. Akasema shali ya kijani iko hapa kwenye kavera yangu, mjomba, waliivua siku ile ya kwanza.

Nikasema ni shuka! Shuka la hospitali, la kijani, wamemfunika nalo. Akasema sawa.

 Posho ya jioni sikuila. Ngozi ya vidole inaanza kubanduka, sijui sabuni gani ile.

Alhamisi, 10 Julai

Nilipofika penye sinki leo, sista mmoja alipita akiwa na trei. Akacheka: mzee, wewe unanawa kama daktari wa upasuaji! Nikamwambia mimi zamani jeshini nilikuwa nasaidia kupasua. Afande mwenyewe alinikabidhi kisu. Akasema haya, daktari, dakika zako zinaisha.

Kikao. Daktari Adero anasema figo hazijafanya kazi hata kidogo, presha inashikiliwa na dawa, na wauguzi wanaoshinda naye hawajaona mkono ukibana. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

Naigaga akasema yuko tayari. Mama mwenyewe alimwambia mwaka jana, siku walipotoka msibani: mimi nisije nikafa nimevuliwa nguo, watu wamenipanda kifuani. Aliyasema akikoroga chai, akaendelea na mambo mengine.

Wahab akasimama. Dada, unataka kumzika mtu anayeshika mkono? Una haraka ya nini?

Naigaga akasema, sina haraka, naogopa kuchelewa. Usiponielewa leo utanielewa baadaye.

Kuchelewa kitu gani? Kufa?

Daktari akawaacha wabishane. Halafu akaniuliza mimi. Mzee Siraj, unasemaje?

Mtu mzima nilishika kiti. Dada Kagoya alinibeba mgongoni mpaka nina miaka saba, miguu yangu inaburuta chini, watu wanacheka, yeye anasema mwacheni, anaogopa mbwa. Mbwa wenyewe hawakuwepo. Nilikuwa naogopa tu.

Nikasema: tungoje mpaka Jumamosi.

Wahab akanishika mkono akaubusu. Naigaga aliangalia viatu vyangu. Ile fomu ya kukubali asibonyezwe ikarudi kwenye faili haina jina.

Ijumaa, 11 Julai

Nilitoka msikitini nikaja moja kwa moja.

Nilikuwa penye sinki. Kwenye dole gumba. Mashine moja ikabadilisha mlio — si tii tena, ni mluzi mrefu. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, watu wakanipita, mmoja akanigonga bega, hata hakuniona. Nikasikia pazia likivutwa. Mtu anahesabu kwa sauti. Kumi na saba, kumi na nane. Kufika thelathini wanaanza upya. Kitanda kinalia. Na chini ya kuhesabu kuna sauti nyingine, kama kijiti kikavu. Sitaki kuiandika.

Niligeukia ukuta. Maji yanatiririka. Nilizisoma zile picha za mikono, zote, mara sijui ngapi.

Sista akatoka jasho linamtoka, akauliza, wewe ndiye wa Kagoya? Nikasema ndiyo. Amerudi, alisema. Nenda nje, mzee.

Amerudi. Dakika nane.

Nje Wahab alipiga takbiri. Nikawaambia niliwasaidia madaktari kuhesabu.

Naigaga aliuliza jambo moja tu: walimvua nguo? Nikasema pazia lilivutwa. 

Yule mtu wa mtoni — basi. Si leo.

Jumamosi, 12 Julai, saa kumi kasoro robo

Niko kwenye benchi nje ya mlango wa kwanza. Naandika huku nangoja.

Asubuhi daktari alituita tena. Macho mekundu, hakulala. Alisema wazi: mbavu sasa ni tano. Moyo utasimama tena, labda leo, labda kesho. Mimi naona tusimbonyeze. Ningependa tungekuwa tumeamua Jumanne ile. Nilisubiri kwa sababu ya ule mkono.

Kwa sababu ya ule mkono!

Wahab hakuruka leo. Amekaa ameshika helmeti mapajani kama bakuli. Akasema taratibu: daktari, mimi nitakubali. Lakini kama bado anambana mjomba mkono, nitakubalije? Nitaishije, nilimwacha mtu anayetuita?

Daktari akafikiri. Akasema, haki yako. Basi saa kumi nitaingia na mzee mwenyewe. Atanionyesha anavyomshika, na mimi nione. Kama anabana, tutazungumza upya. Kama habani, mtie sahihi leo leo, kabla ya moyo kutuamulia.

Naigaga akanisogelea pale koridoni. Nilidhani atanitukana. Akanitolea ile kavera ya shali. Mjomba, ukifika mfunike kichwa. Kisha kwa sauti ya chini, Wahab asisikie: mkono gani?

Nikasema, wa kushoto.

Akanitazama. Anajua, au karibu ajue. Akasema, mimi sitasema kitu. Sema wewe.

Shali iko mapajani mwangu. Inanuka karafuu na moshi wa jiko lake. Nimejaribu kupanga maneno. Ningesema leo amechoka. Ningesema anambana mtu wa damu yake tu, akiwepo mgeni hambani. Hilo ni zuri, Wahab angeliamini. Na moyo ukisimama kesho wangempanda tena, na mbavu zingefika saba, na mimi ningekuwa penye sinki.

Siku nne. Kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole. Nilinawa mpaka dakika zikaisha. Mlango wa pili sijaugusa. Hata habari ya ufunguo wa kabati niliuambia ukuta.

Daktari Adero anakuja, anavaa glavu huku anatembea. Ameniita. Anasema, haya mzee, tangulia wewe, kitanda unakijua.

Vitanda viko sita. Nimevihesabu kupitia kioo. Sijui dada yangu yuko kwenye kipi.