Mguu Ndio Umevunjika

Majengo, Gisenyi
Tarehe 15, mwezi wa saba

Kwako kaka yangu Muhamadi,

Assalamu alaikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta huko Ujiji umeketi dukani kwako, goti lako limepoa, wifi amekwisha kukukataza chumvi na wewe umekwisha kumkaidi. Wanao hawajambo? Mimi mdogo wako ni mzima kuanzia kichwani mpaka kwenye nyonga, na mguu wa kushoto ni mzima wote. Wa kulia ndio tutauzungumza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Wahenga walisema msema pweke hakosi, na wewe kaka hujawahi kukosa tangu ununue simu. Barua utaisoma mpaka mwisho, upende usipende. Ataileta binamu yetu Mudathiru, yuleyule uliyempa bahasha na maagizo alipokuja na lori lake. Bahasha niliipokea. Maagizo nayo niliyapokea, akayasema mbele yangu moja baada ya jingine kama mtoto wa chuo anayesomeshwa sura: kwamba nyumba ya baba ipangishwe, kwamba biashara yangu ya karoti nimwachie mwingine, kwamba nije nikae kwako mpaka Mungu atakapopenda, maana mjane mwenye mguu mmoja hawezi kujilisha. Kaka, miguu ninayo miwili. Mmoja una vyuma, basi. Na siji.

Usije ukayasikia kwa watu, nikueleze mwenyewe nilivyoanguka. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha kila siku. Nilikwenda Nyakiriba kununua karoti shambani, kama ilivyo kawaida yangu kila Jumatatu, ili Jumanne nizivushe mpaka Goma. Kutoka shambani hadi barabara ya lami kuna mteremko wa udongo mtupu. Bahizi, mbebaji wangu wa siku zote, akataka franga mia tano aniteremshie gunia la pili. Siku zote ni mia tatu. Akasema mvua imepandisha bei. Nikamwambia mvua hainyeshi mfukoni mwangu, nikajitwisha gunia mwenyewe. Sikufika mbali. Mguu ulikwenda upande wake na mimi upande wangu, na karoti zilifika barabarani kabla yangu. Bahizi huyohuyo ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye gari, na hakuniomba hata franga moja. Hilo liliniuma kuliko mfupa.

Hospitalini walikuta mifupa yote miwili ya muundi imevunjika, wakaniunga kwa vyuma. Mitiweli, ile bima yetu ya afya, ililipa sehemu kubwa, lakini magongo na dawa nyingine nilinunua mwenyewe. Daktari akasema nisikanyage chini miezi mitatu. Nikamwuliza kama anajua karoti inaoza baada ya siku ngapi. Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Hapo nikafanya ujinga, na ni ujinga wa hapa kwetu, sidhani kama huko Ujiji mnaujua. Unaikumbuka ikimina yetu, ule upatu wa wanawake ishirini na wanne tunaovusha mboga mpakani, ambao mimi ni présidente wake mwaka wa sita sasa. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa elfu kumi, na kwa zamu mmoja wetu anazipokea zote. Kando yake tuna kisanduku cha ingoboka, akiba ndogo ya mwenye ugonjwa au msiba. Basi wakaniletea ingoboka yangu, na haikuwa haba. Lakini kwetu mgonjwa akitembelewa hawezi kumwacha mgeni na midomo mikavu, atasemwa mpaka Kanama. Wakaja wa ikimina, wakaja wa msikitini, wakaja hata watu niliowauzia viazi mara moja mwaka juzi. Nami nimelala, mguu juu ya mto, namtuma jirani yangu Umutoni dukani: Fanta ya huyu, Fanta ya yule, na ile ya baridi sana mpe mzee. Baada ya wiki mbili nikatazama, ingoboka yote imekuwa chupa tupu chini ya kitanda. Watu walinipa pesa ya kunisaidia, nikawanunulia soda wakanywa wao wenyewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Kwangu wageni walikuja na mwenyeji akazidi kuumwa.

Siku ya kumi na tano nikamwambia Umutoni kuanzia leo ni chai ya rangi. Aliona aibu kwa niaba yangu, akaniuliza watu watasemaje. Nikamjibu watasema Mukashyaka amefilisika, na watakuwa wamesema kweli. Wageni wakapungua nusu. Nilipata usingizi.

Mwezi wa tano ulikuwa mbaya, sikufichi. Nililia mara nyingine, uso ukutani. Niliuza vitenge vyangu sita vya harusi za watu, ambavyo sikuwa nimevishonesha, nikauza na televisheni. Mwanangu Igihozo alikuwa amekwisha kurudi shuleni Nyundo kwa muhula wa mwisho wa masomo yake ya sekondari, na nusu ya ada ilikuwa bado. Watu wakaanza kunishauri. Kila aliyeketi kwenye kiti cha wageni alikuwa na la kuniuzisha: mara kitanda, mara mabati, mara chumba cha mbele. Mmoja alinishauri niolewe. Nikamwambia mguu ndio umevunjika, akili iko salama.

Nikakaa nikafikiri. Karoti inataka miguu ya kuileta na miguu ya kuipeleka, lakini hapo katikati kuna kazi ya kukaa: kuiosha, kuichagua, kuifunga mafungu. Wenzangu walikuwa wanaifanya mbiombio kando ya barabara, kwa maji ya mtaro, na wanunuzi wa Goma wanawapunja kwa sababu hiyo. Nikamwambia Nyirabagenzi, mweka hazina wetu anayetoka Kanama, magunia yashushwe uani kwangu. Sasa nakaa kwenye kigoda, mguu juu ya kreti, beseni mbele yangu na simu sikioni. Naosha huku nabishana na Goma, na karoti inakuwa imeuzwa kabla haijavuka. Kila gunia linaniachia kitu kidogo. Hakitoshi, lakini ni changu, na sikumpigia mtu magoti.

Lakini kitu kidogo hicho hakikufika elfu kumi ya Jumamosi. Nilikosa mchango mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zikafika Jumamosi tisa. Na kanuni yetu inasema anayekosa tatu mfululizo anafutwa kwenye zamu, alichokwisha kuweka atarudishiwa mwisho wa mwaka. Zamu yangu ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu. Pesa ile ndiyo ingemaliza ada ya Igihozo na kunipa mtaji wa kununua shambani mwenyewe. Nikiikosa, kaka, wewe ndiye umeshinda, na mimi ni kufunga mizigo.

Wiki moja kabla ya siku hiyo Nyirabagenzi akaja kuniambia nisiwe na wasiwasi. Akasema, "We kaa tu, présidente. Ile règlement haiko ya we. Iko ya wengine." Wote walikuwa wameafikiana kuinyamazia kanuni ile na kunipa zamu yangu kama kawaida. Nilikupigia simu siku ileile, na wewe ukasema mtu hakatai riziki, ukipewa shika, usiulize. Nami nilishika. Siku nne nilikuwa na furaha, nikapanga pesa yote, hii huku, hii kule.

Sasa ukifika hapa utulie, kwa sababu hili sijawahi kukuambia. Miaka miwili sasa kila tukizungumza unaniuliza Libérata hajambo, mbona siku hizi haleti salamu. Nami nakujibu kazi zimemzidi. Nilikuwa nakudanganya. Libérata aliyerudi kutoka Kongo bila hata sufuria, akapanga nyuma ya nyumba yetu. Libérata, Mkristo wa watu, aliyemlisha mama uji kwa kijiko miezi minne, wakati wewe uko Ujiji na mimi niko mpakani. Huyo hanisemeshi, na mwenye kosa ni mimi.

Alikuwa mwenzetu kwenye ikimina. Mwaka juzi alipasuliwa tumbo, akakosa Jumamosi nne. Alituma mtu kutuomba tumngoje, na zamu yake ilikuwa imebakiza wiki mbili. Mimi ndiye niliyesimama. Nilisema hapa si hospitali, hapa ni ikimina, na tukimngoja mmoja tutawangoja wote. Kanuni ile, kaka, niliiandika mimi kwa mkono wangu. Nikachukua kalamu nikalifuta jina lake mbele ya wote, na nikajiona hodari. Biashara yake ya sambaza, vile vidagaa vya ziwani, ilikufa mwezi uleule. Tangu hapo analima mashamba ya watu Nyakiriba kwa kibarua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Nimeuonja.

Na alikuja kunitazama, katika wiki zile za wageni. Alileta uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Umutoni akamfungulia Fanta, yeye akaisukuma pembeni. Akasema, "Mi nimekuya kuona mugonjwa. Sikukuya kuona présidente." Akanimiminia uji, akangoja nimalize, akaosha kikombe, akaenda zake.

Kwa hiyo ile furaha yangu ya siku nne iliniharibikia siku ya tano. Nilikuwa naosha karoti, nikajisikia nasema peke yangu: kanuni si yako, ni ya wengine. Nikaona haya kama mtu aliyekamatwa sokoni na kitu cha wizi. Nimekataa huruma yako kaka, nimekataa ya majirani, halafu nakubali ile iliyo mbaya kuliko zote, ya kupewa mimi alichonyimwa yeye.

Jumamosi ilipofika nilikwenda kwa magongo, mara ya kwanza kuvuka lango letu. Nyirabagenzi alikuwa amekwisha kuifunga pesa kwenye kitambaa. Nikawaambia siipokei. Nikawaambia ama kanuni inatufuta wawili, ama haimfuti yeyote, na wachague nikiwa nawatazama. Kelele zikawa kelele. Belise, mdogo kuliko sisi wote, akasema maji yaliyomwagika hayazoleki, na Libérata si mwanachama tena. Nikamwambia basi na mimi si mwanachama, lete kalamu. Wengine wakasema nimelewa dawa za hospitali. Nikasema mwenye kunionea huruma amwonee kwanza yule tuliyemtupa.

Tulibishana saa nzima. Mwishowe wakakubali kwamba kuanzia siku hiyo mgonjwa hafutwi, anangojwa, na akipona atalipa michango ya nyuma kidogo kidogo. Wakakubali Libérata arudi kwa masharti hayohayo. Lakini zamu ilikuwa moja na wanawake tulikuwa wawili. Nikasema iandikwe ya Libérata, yangu iwe ya mwisho, mwezi wa kumi na mbili. Nyirabagenzi akaniuliza mara mbili kama nimeyasikia niliyoyasema.

Wakaenda kumwita. Akaja na jembe lake, udongo miguuni. Wakamweleza. Akaipokea pesa, akaihesabu mbele yetu mara mbili, akaifunga kiunoni, akaketi palepale alipokuwa akiketi zamani. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu. Nilimlipa, sikumpa.

Basi hali yangu ndiyo hiyo. Sina mtaji mpaka Desemba, nina magongo, nina beseni, na kesho asubuhi magunia manne yanashushwa uani. Nyumba ya baba haipangishwi. Katika bahasha yako nimetoa ada ya Igihozo peke yake, kwa sababu wewe ni mjomba wake na hiyo ni haki yake, wala sikuombi radhi. Anafanya mtihani wiki hii, umwombee dua. Zilizobaki, zile za nauli yangu ya kuja Ujiji, Mudathiru anakurudishia kama zilivyo. Ukikasirika, kasirika, nimezoea.

Msalimie wifi sana, mwambie kitenge alichoniomba nitamtafutia mguu ukishuka chini. Wabusu watoto, na mzee wa duka la jirani yako mpe salamu zangu za heshima. Libérata usinitume kumsalimia. Mwandikie mwenyewe. Salamu zako kwake mimi bado sijaruhusiwa kuzibeba.

Ni mimi mdogo wako, asiyepangisha na asiyehama,

Mukashyaka